Kahawa Niliyowapa Wageni

Jumatatu, 8 Juni 1970
Mwalimu Saburi amegawa madaftari kwenye darasa la watu wazima. Sisi watatu tuliofika la nne kwa masista zamani tulikuwa tunasinzia wenzetu wakisoma a-e-i-o-u, kwa hiyo ametupa kazi ya peke yetu: kila siku mstari mmoja wa Kiswahili, jambo lolote lililotokea. Atasahihisha kila Ijumaa. Nimemuuliza, na kama hakuna lililotokea? Amesema niandike kwamba hakuna. Mume wangu Ishengoma amelicheka daftari, akasema sasa nyumba ina karani.

Jumanne, 9 Juni
Hakuna.

Jumatano, 10 Juni
Kahawa ya upande wa bondeni imeanza kuwa nyekundu. Hakuna lingine.

Jumamosi, 13 Juni
Leo Ishengoma amekanyaga ndizi za pombe ya rubisi. Jirani yangu Benigna alileta nyasi za kukanyagia, akabaki kupiga soga. Nilipokuwa naosha vibuyu nikauliza kibuyu cha Byabato ni kipi mwaka huu, kwa mazoea tu. Ishengoma akasema mwaka huu hakuna kibuyu cha Byabato.

Mwalimu ni mtu wa Bukoba mjini, kwa hiyo namweleza. Shamba letu lilikuwa nyarubanja ya baba yake Byabato. Maana yake sisi tulilima na wao walikuwa wenyewe, na kila pombe ilipoiva kibuyu cha kwanza kilipanda kilimani kwao. Serikali imelifuta jambo hilo, na tangu mwaka jana shamba ni letu. Tulisomewa tangazo mkutanoni. Aliyetusomea ni Byabato mwenyewe, maana ndiye mwenyekiti wa chama cha ushirika na wa kamati ya kijiji pia. Alisoma vizuri, kwa sauti. Baada ya hapo vibuyu viliendelea kupanda kilimani, na cha kwetu kikiwemo.

Jumanne, 16 Juni
Naandika ya Jumapili.

Tulikuwa tumetoka misa. Pombe ilikuwa imeiva. Uani walikuwapo Ishengoma, kaka yake Ildefons, ambaye ndiye balozi wa nyumba kumi zetu, na Benigna. Byabato alipita akitokea kanisani, akaingia, akakaribishwa kiti. Mimi niliingia ndani kumtafutia kikombe kizuri. Nikamsikia akiuliza, "Ishengoma, kibuyu changu kimepotea njia?" Ishengoma akajibu, "Waitu, hakikupotea. Hakikutumwa." Nilicheka kule ndani. Alijibu kwa heshima kabisa, ndiyo maana ilichekesha.

Kisha nikasikia kishindo, kama gogo limeangushwa. Nilipotoka Ishengoma alikuwa amelala na uso ndani ya mtumbwi wa kukanyagia ndizi, na rubisi imebadilika rangi. Byabato alikuwa amesimama na fimbo yake, ile yenye kichwa cha shaba. Aliniangalia, akasema, "Mpeni maji," akaondoka bila haraka. Benigna alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga. Ildefons alitokea migombani akifunga mkanda. Anasema alikuwa amekwenda kujisaidia.

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikirudisha kabatini kwanza, ndipo nikaja kumnyanyua.

Jumatano, 17 Juni
Jana wanaume sita walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya Rubya. Lori la Byabato lilitupita njiani likiwa tupu. Dereva wake ni Rwegasira, mume wa Benigna. Alipunguza mwendo, akatutazama, halafu akaongeza.

Ijumaa, 19 Juni
Sista amesema fuvu limepasuka. Anaweza kupona, anaweza asipone, tungoje. Macho yanafunguka lakini hayamtazami mtu.

Jumatatu, 22 Juni
Nimekwenda kituo cha polisi. Mwalimu Saburi alinisindikiza baada ya vipindi, akiendesha baiskeli pole pole huku mimi natembea. Koplo ni mtu mpole. Alisema kwanza nilete barua ya balozi. Alituambia pia jinsi sheria ilivyo: mtu aliyepigwa akiwa hai, kesi ni ya mahakama ya mwanzo hapa hapa, akifa, inakwenda Bukoba kwa mahakimu wakubwa, na huko hakuna anayemjua Byabato. Mwalimu aliandika maneno hayo kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Jumanne, 23 Juni
Ildefons hana karatasi.

Jumatano, 24 Juni
Ildefons ana karatasi, hana muhuri.

Ijumaa, 26 Juni
Nimemwambia shemeji yangu Ildefons, "Mulamu, huyu ni ndugu yako, tumbo moja." Amesema anajua, ndiyo sababu anakwenda kwa uangalifu.

Mwalimu amerudisha daftari. Ukurasa wa tarehe 16 hakuutia wino mwekundu hata mahali pamoja. Ukurasa wa tarehe 13 amesahihisha makosa manne.

Jumatatu, 29 Juni
Barua ya balozi imepatikana. Imeandikwa "ugomvi wa pombe". Nimeipeleka hivyo hivyo kituoni pamoja na karatasi ya daktari. Koplo amezifunga kwa uzi, ameziweka kwenye jalada.

Alhamisi, 2 Julai
Ishengoma amerudishwa nyumbani. Namlisha uji kwa kijiko. Hajasema.

Ijumaa, 3 Julai
Nimechuma kahawa debe moja. Hajasema.

Jumamosi, 4 Julai
Nimeanika kahawa. Hajasema.

Jumanne, 7 Julai
Sikukuu ya Saba Saba. Kulikuwa na ngoma shuleni na Byabato akahutubia. Alisema ujamaa ulikuwepo kwetu tangu enzi za babu zetu, watu walikula pamoja, wakalima pamoja, hakukuwa na bwana wala mtwana. Watu walipiga makofi. Nami nilikuwa nimepiga mara mbili kabla sijagundua mikono yangu inafanya nini. Benigna alikuwa safu ya mbele na hakugeuka nyuma.

Alhamisi, 9 Julai
Benigna hapiti tena njia ya kwetu kwenda kisimani. Anazunguka kwa Mushumbusi, mbali. Sijamkasirikia. Najaribu kumkasirikia na hakuna kinachokuja.

Jumapili, 12 Julai
Leo wamekuja. Byabato, mke wake, katekista, na mbele yao Ildefons akiwaonyesha njia, kana kwamba hawaijui. Walivua viatu mlangoni. Nilikuwa nimetoka kumgeuza Ishengoma ubavu, mikono bado ina mafuta. Walikaa kwenye nyasi za sakafuni, wakasalimu mmoja mmoja kwa utaratibu, nikaitikia. Byabato akasema, "Ma Felicitas, tumekuja kumwona mgonjwa." Nikasema asanteni.

Halafu nikainuka. Nikakishusha kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kigingi, nikapiga magoti, nikatafuna punje moja kwanza kama ilivyo desturi, mgeni ajue ni salama, kisha nikawapa. Mke wa Byabato alichukua. Katekista alichukua. Byabato alichukua mbili, akarudisha moja, akashukuru kwa mikono miwili. Ildefons alichukua nyingi.

Sikuwaza. Miaka ishirini na miwili katika nyumba hii, kila aliyekaa kwenye nyasi zile nimemletea kahawa: mkusanya kodi, mwuza samaki, hata yule mwizi wa kuku alipokuja kuomba radhi. Mikono ilikwenda yenyewe. Tangu siku ile mikono ndiyo inayofanya kazi zote, mimi naifuata tu. Ladha ilipoenea mdomoni ndipo nikamwona aliyekaa mbele yangu. Sikutema. Kutema mbele ya wageni ni aibu.

Walikaa muda mfupi. Hawakuzungumza lolote la kesi. Chumbani kwa mgonjwa aliingia mke wa Byabato peke yake.

Jumatatu, 13 Julai
Mwalimu amesoma ya jana hapo hapo shuleni, amesimama. Akasema, "Mama Celina, umefanya nini?" Yeye huniita kwa jina la binti yetu aliyeolewa Rubafu. Nikamwambia nimekaribisha wageni. Akasema kwao mjini wangekunywa kahawa ya kikombe na isingekuwa kitu, lakini hata yeye, mtu wa kuja, amekaa hapa Buganguzi miaka miwili na anajua watu waliotafuna kahawa pamoja wanahesabiwaje. Alikaa chini kwenye dawati la watoto. Halafu akasema nikiulizwa nijibu kwamba sikumbuki.

Jumanne, 14 Julai
Tarishi ameleta hati ya kuitwa shaurini. Ni Jumatano ijayo. Watu wenye kesi za mbuzi wamengoja tangu Machi. Ildefons amesema mwenyekiti amehangaika sana ili tusicheleweshewe haki.

Jumamosi, 18 Julai
Kahawa, uji, kumgeuza. Hajasema.

Jumatano, 22 Julai
Naandika yote.

Basi liliharibika, kwa hiyo hakimu aliletwa na lori la Byabato. Alikaa mbele na Rwegasira, na Byabato mwenyewe alipanda nyuma kwenye magunia kwa unyenyekevu. Sisi tulikwenda kwa miguu, mimi na Mwalimu. Ishengoma alibaki na mke wa Mushumbusi.

Koplo alisoma shitaka: shambulio la kawaida. Mwalimu akanong'ona kwamba fuvu lililopasuka si jambo la kawaida. Hakimu akauliza karatasi ya daktari iko wapi. Koplo akafungua jalada, akafungua uzi, akatazama chini ya meza. Barua ya balozi ilikuwepo. Karatasi ya daktari haikuwepo. Koplo alikuwa anatokwa jasho na sidhani alikuwa anaigiza. Hakimu alisema itaendelea kutafutwa.

Akaitwa Benigna. Aliapa, akasema kwa Kihaya, akitazama miguu ya meza, kwamba Ishengoma aliteleza kwenye maganda ya ndizi na kichwa kikagonga mtumbwi. Aliulizwa kama aliona fimbo. Akasema mzee huyu hutembea na fimbo siku zote, kila mtu ameiona. Aliporudi kukaa, khanga yake ilinigusa goti, akaivuta haraka.

Ildefons alikuwa migombani.

Mimi nilisema nilichosikia na nilichokuta. Kisha hakimu akamwuliza Byabato kama ana swali kwangu. Akasimama, akavua kofia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza habari za watoto.

"Ma Felicitas, tarehe kumi na mbili nilikuja kwako?"

"Ulikuja."

"Ulitupa nini?"

Mwalimu alikuwa ananitazama. Biblia ilikuwa bado mezani, na mkono wangu ulikuwa umeshaiacha, lakini nilijua ulikuwa pale. Nikasema, "Kahawa."

"Kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Kuna aliyekulazimisha, waitu?"

"Hakuna."

"Nani alitafuna kwanza?"

"Mimi."

Akashukuru, akakaa. Hakimu aligeuka kwa wazee wa baraza wawili. Walinong'ona, na haikuchukua muda. Mkubwa wao akasema kwa mila zetu mtu hatafuni kahawa na adui yake, na aliyetoa kahawa amefunga jambo. Hakimu akaandika kwa muda mrefu kwa mwandiko mzuri. Akasoma kwamba pande mbili zimekwisha patana kwa hiari, mahakama inawapongeza, na shauri limeondolewa.

Mwalimu alisimama. Akasema kwamba aliyepigwa hakutafuna kahawa yoyote, hawezi hata kutafuna. Hakimu akamwuliza yeye ni nani katika shauri hili. Akasema ni mwalimu. Hakimu akamwambia akae.

Tulipotoka Byabato alitukaribisha lifti. Tulirudi kwa miguu.

Nilipofika nilikishusha kikapu, nikamimina akamwani yote motoni. Ilinukia vizuri. Ishengoma aligeuza kichwa kidogo upande wa harufu, na huo ndio mwendo pekee aliowahi kuufanya mwenyewe tangu Juni.

Alhamisi, 23 Julai
Hakuna.

Ijumaa, 24 Julai
Hakuna. Mwalimu hakuomba daftari nami sikulipeleka.

Alhamisi, 30 Julai
Nimepeleka buni chamani, nimepanga foleni. Watu wamenisalimu kwa wingi kuliko kawaida. Byabato alipita akamwambia karani anihudumie kwanza, mwenye mgonjwa asikae juani. Nilihudumiwa kwanza.

Jumatano, 5 Agosti
Uji hauteremki. Nautia kwa ncha ya kidole.

Jumapili, 9 Agosti
Padri amempaka mafuta. Celina amefika kutoka Rubafu, ana mimba ya miezi sita. Alimwita baba yake mara nyingi.

Jumanne, 11 Agosti
Ishengoma amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka kugeuza kahawa kwenye mikeka.

Alhamisi, 13 Agosti
Jana tulimzika. Leo nimekwenda kituoni ingawa Ildefons alisema mfiwa hatembei. Nikamwambia koplo, "Amekufa. Ulisema akifa inakwenda Bukoba." Alinipa kiti chake. Akasema, "Kesi imekwisha, mama." Nikamwambia yaliyokwisha ni yale ya aliye hai. Akaeleza, bila ukali, kwamba faili limefungwa kwa mapatano, shahidi aliyeona ameapa kuwa marehemu aliteleza, na karatasi ya daktari haijaonekana, kwa hiyo ataandika nini juu ya karatasi ya kwenda Bukoba? Angekufa kabla ya tarehe ishirini na mbili, alisema, ingekuwa jambo jingine.

Njiani nikakumbuka mke wa Byabato alivyoingia chumbani siku ile ya kahawa. Alisimama miguuni pa kitanda. Nilidhani anasali. Alikuwa anaangalia mgonjwa amebakiza muda gani. Na siku mbili baadaye tarishi akaja na hati. Haya nimeyaelewa leo, mpumbavu mimi.

Jumamosi, 15 Agosti
Siku ya nne ya matanga, tena sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Nyumba ilijaa. Byabato alikuja na blanketi mbili na pombe, akapewa nafasi karibu na nguzo ya kati. Watu wakanyamaza wakinitazama, maana hakuna aliyemletea kahawa. Kikapu kilikuwa kwenye kigingi, wazi kwa kila mtu. Nje uani kulikuwa na mikeka saba ya kahawa na harufu yake inaingia mpaka ndani.

Ildefons akasema, "Mulamu, wageni."

Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Kahawa imekwisha."

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu kituoni. Niliyabeba siku mbili. Nilidhani yakitoka nitasikia kitu, hata hofu. Mke wa Mushumbusi aliweka mkono kifuani. Katekista akatazama dari.

Byabato alinyoosha miguu yake. "Si kitu, Ma Felicitas," akasema. "Sisi tulishatafuna."

Akabaki mpaka mwisho wa sala. Watu wakaanza kuzungumza tena, kwanza kwa chini, halafu kawaida. Niliona aibu, nikaenda kuwasha moto jikoni ingawa moto ulikuwa unawaka.

Jumatatu, 24 Agosti
Mwalimu Saburi amepata barua ya uhamisho. Rubafu, kuanzia Septemba. Alisema huenda ni kawaida tu, walimu huhamishwa. Alisema hivyo mara tatu. Zamani nilimwona mtu wa maneno mengi, ila katika nyumba nzima ile ya mahakama ndiye peke yake aliyesimama bila kuitwa. Nimempa salamu za kumpelekea Celina na mkungu wa ndizi, akaufunga kwenye baiskeli. Akauliza kama nitaendelea kuandika. Nimemwambia kurasa zimebaki chache, ni hasara kuziacha.

Jumanne, 1 Septemba
Hakuna.

Jumamosi, 5 Septemba
Mawingu upande wa ziwa. Hayakuleta kitu.

Jumatano, 9 Septemba
Mvua ya kwanza. Ilianza ghafla saa nane mchana, nikatoka kuanua kahawa peke yangu, mikeka saba. Nilikuwa nimefika wa tatu nikaona mtu ameshika ncha ya pili. Alikuwa Benigna, khanga imemganda mwilini. Hatukusalimiana. Tulibeba yote mpaka ndani, kisha akakaa kwenye nyasi, maji yanamchuruzika. Nikakaa. Sikumletea kitu naye hakutazama kigingi.

Tulikaa mpaka mvua ikapungua. Akasema, "Mara mbili."

Nikamuuliza mara mbili nini.

"Alimpiga mara mbili, Ma Felicitas. Ya kwanza Ishengoma alianguka. Ya pili alikuwa ameshaanguka." Alisema Rwegasira alimwambia lori ndilo linalowalisha, na kwamba akisema, watoto watakula majani ya migomba. Alisema Ildefons hakwenda migombani kabla, alikwenda baada. Alisema yote hayo kwa sauti moja, kama anayehesabu nguo za kufua.

Mimi nilikuwa nimesikia kishindo kimoja. Miezi mitatu nimeishi na kimoja. Sasa navisikia vyote viwili, na kitu kimenipanda kifuani, kichungu, nikashukuru kwamba kimekuja.

Nikaleta daftari. Nikaandika maneno yake hapa, nikamsomea kwa Kiswahili kisha kwa Kihaya, na hayo hapo juu ndiyo aliyoyakubali. Hajui kuandika jina. Wino wa chupa sina, Mwalimu ameondoka nao, kwa hiyo alipaka dole gumba masizi ya chungu akabonyeza. Ndilo hilo hapa pembeni. Hakuna wa kumpelekea ukurasa huu leo. Benigna anajua, aliuliza, nami nikamjibu hivyo. Hata hivyo alibonyeza.

Alipoinuka kuondoka nilimwambia kahawa kweli hakuna, niliichoma. Kesho nitachuma mbichi nichemshe, zinataka siku nne mpaka zikauke, zaidi kwa mvua hii. Akasema atakuja siku ya tano.